Eti "Inaingiana na Simu Yoyote"? Uongo wa Miwani ya VR Umefika Malakisi



Wiki hii nilikuwa nimeahidi kumalizia yale mambo ya hifadhidata. Yatangoja. Nimerudi kutoka nyumbani Malakisi nikiwa nimekasirika, na nisipoandika leo nitaandika kesho kwa ustaarabu, jambo ambalo sitaki.

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu pale sokoni. Wewe uliyekulia mji mdogo unakijua kibanda chenyewe: chumba kimoja cha mabati, televisheni moja, PlayStation ya mitumba, padi mbili zilizofungwa selotepu, na benchi. Vijana wawili wanacheza mpira, kila mmoja shilingi 20. Aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anampisha mwenzake. Usicheke. Kibanda hicho kimemlipia mdogo wake karo ya sekondari kwa miaka mitatu.

Mwezi uliopita akanipigia simu. "Khocha, nimepata kitu kitakachofunga vibanda vingine vyote." Alikuwa amenunua miwani tatu za VR, zile za kuingiza simu, shilingi 1,800 kila moja, katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Boksi lina picha ya kijana amefungua mdomo, nyuma yake sayari na papa. Muuzaji alimwambia maneno manne: "Inaingiana na simu yoyote." Sasa alitaka kununua kumi zaidi na simu kadhaa za mitumba za kutia ndani, kwa mkopo wa shilingi 40,000 kutoka chama cha mama yake. Mama yake ni dada yangu. Ndiye angekuwa mdhamini.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Mteja wa kwanza alikuwa mtoto wa shule, shilingi zake 10 mkononi. Mpwa wangu akaweka video ya garimoshi la kupanda na kushuka, akatia simu ndani, akamfunga mtoto mkanda. Mtoto akageuza kichwa kushoto. Picha haikugeuka. Akageuka kulia. Hakuna. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Anko, imekwama." Akaivua, akadai kumi yake. Kufikia saa sita mchana, pesa zilikuwa zimerudishwa mara tano.

Simu haikuwa imekwama. Simu haikuwa na jairoskopu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na ndilo jambo moja ninalotaka uondoke nalo leo, hata usiposoma mengine: MIWANI YA SIMU SI KIFAA. KIFAA NI SIMU. Anayekuuzia miwani bila kukuuliza una simu gani, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Ndani ya boksi mna nini?

Lenzi mbili za plastiki, sponji, mkanda wa kichwani na nafasi ya simu. Basi. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna sakiti. Simu ndiyo inayochora picha mbili, moja kwa kila jicho, na simu ndiyo inayotakiwa kujua kichwa chako kimegeukia wapi ili ichore upya.

Inajuaje? Kwa vihisi vitatu. Cha kwanza ni akselerometa, kinachohisi mvuto wa ardhi. Ndicho kinachofanya skrini igeuke ukilaza simu, na karibu kila simu janja inacho. Lakini akselerometa haiwezi kujua kwamba umegeuka kushoto au kulia, kwa sababu ukigeuka hivyo ardhi bado iko chini palepale. Cha pili ni dira, inayojua kaskazini. Hiyo ni ya polepole, na ikikaribia chuma au sumaku inachanganyikiwa. Cha tatu ni jairoskopu, inayopima kasi ya mzunguko mara mamia kwa sekunde. Hiyo ndiyo roho ya mambo yote. Wataalamu wa VR hutaka picha ifuate kichwa kwa muda usiozidi milisekunde 20 hivi. Ukizidi hapo, macho yanasema jambo moja na sikio la ndani linasema lingine, na tumbo linaamua kesi kwa kutapika.

Sasa ukweli wenyewe: kampuni inapotaka kushusha bei ya simu, jairoskopu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutolewa. Nyingine hutia jairoskopu ya kubuni, yaani programu inayokisia mzunguko kwa kutumia akselerometa na dira. Zipo simu nyingi sana za bei ya chini zisizo nayo kabisa, na hizo ndizo simu zilizojaa mifukoni mwetu kuanzia Lwakhakha hadi Kitale. Kwa hivyo "simu yoyote" ni kweli kwa maana moja tu: simu yoyote inaingia kwenye nafasi. Hata sabuni ya kipande inaingia.

Nikatia simu yangu mimi, ambayo ina jairoskopu, katika miwani ileile, na video ileile. Mtoto yuleyule akarudi bure. Garimoshi lilipoinama, aliinama nalo na kupiga kelele mpaka mama wa mboga akaja kuchungulia. Mpwa wangu alinitazama kimya. Alikuwa ameanza kupiga hesabu ya simu kumi kama yangu.

Nami nilikuwa mmoja wao

Kabla ya kumrukia muuzaji, acha nijirukie mwenyewe. Google ilitangaza Cardboard mwezi Juni 2014: karatasi ngumu, lenzi mbili, na sumaku ubavuni iliyokuwa kitufe. Ilibuniwa na wahandisi wawili wa Paris, David Coz na Damien Henry, na mipango yake ilitolewa bure kwa yeyote aliyetaka kukata yake. Sisi watengenezaji programu tulilewa. Mwaka 2016 niliandika programu yangu ndogo, nikasimama mbele ya watu Nairobi nikasema kwamba sasa mtoto wa kijijini ataona dunia kwa bei ya sahani ya chips. Nilipigiwa makofi.

Niliijaribu programu ile kwenye simu yangu. Sikuijaribu kwenye simu ya mama yangu. Ningeijaribu, nisingesimama pale.

Kumbuka pia ile sumaku. Simu iliihisi kwa kutumia dira, ikajua umebonyeza. Toleo la 2015 liliiacha, likatumia kitufe kinachogusa skrini. Lakini miwani za kuiga zenye sumaku zilikwishatapakaa. Fikiria basi: simu isiyo na jairoskopu inategemea dira ijue umegeukia wapi, nawe umeibandika sumaku ubavuni. Ni kama kumwuliza njia mtu uliyemzungusha mara kumi.

Mfumo wenyewe umeshazikwa

Jambo la pili ambalo muuzaji hasemi ni kwamba wenye mali waliondoka zamani. Kufikia Machi 2017, Cardboard zaidi ya milioni 10 zilikuwa zimesambazwa. Haikusaidia. Oktoba 2019, Google iliacha Daydream, miwani yake bora zaidi ya simu, na ikakiri sababu: watu hawapendi kufungia ndani ya miwani simu wanayoihitaji siku nzima. Mwaka huohuo Samsung ikatoa Note 10 isiyoingiana na Gear VR yake yenyewe, na John Carmack, mhandisi mkuu aliyeisukuma Gear VR kule Oculus, akaisomea kwaheri mbele ya hadhira kama ya matanga. Juni 2021 Google ikafunga Expeditions, ile programu ya safari za darasani. Machi 2021 ilikuwa imeshaacha kuuza hata Cardboard yenyewe.

Cardboard haikufa kabisa, maana msimbo wake uliwekwa wazi Novemba 2019 na yeyote anaweza kuuendeleza. Nauheshimu uamuzi ule. Lakini gemu mpya? Nani anaandika gemu za dhati za miwani ya simu leo? Mimi siandiki. Wenzangu ninaowajua hawaandiki. Utakachopata ni programu za zamani zilizojaa matangazo, nyingine hazifunguki kwenye Android mpya, na video.

Hata hizo video, piga hesabu nami. Simu yenye skrini ya pikseli 720 kwa 1600, ukiigawa mara mbili, kila jicho linapata 800 kwa 720. Lenzi inazitandaza mbele ya jicho kwa digrii 90 hivi, kwa hivyo hufiki pikseli tisa kwa kila digrii moja. Jicho zima linaweza kutofautisha kama 60. Ndiyo maana unaona kama unatazama kupitia neti ya mbu. Na video ya digrii 360 yenye upana wa pikseli 1920? Upana huo ni wa mzunguko mzima. Kipande cha digrii 90 unachotazama kina 480 tu. Ukitaka ionekane vizuri lazima upande hadi 4K, na bando yako itaondoka kabla garimoshi halijafika kituoni.

"Lakini ni bora kuanza na kidogo"

Hili nililisikia kutoka kwa mpwa wangu, kutoka kwa dada yangu na kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akingoja kunyolewa pale jirani. Haba na haba. Nalijibu hivi: haba na haba hujaza kibaba kisichotoboka. Shilingi 1,800 si pesa kidogo ukinunua kitu kisichofanya kazi. Ni pesa nyingi kuliko 39,000 za kitu kinachofanya kazi, kwa sababu zile za kwanza hazirudi hata shilingi.

Halafu kuna ubishi mwingine uliofichika ndani ya huo, nao ndio unaouma: "Wewe wa Nairobi unataka sisi wa huku tubaki nyuma." Hapana, ndugu yangu. Wakenya wako ndani ya uhalisia pepe tangu mapema. Ng'endo Mukii alitengeneza filamu yake ya VR, Nairobi Berries, mwaka 2017. Black Rhino VR ya Nairobi imefanya kazi hii kama biashara. Sisemi teknolojia hii si yetu. Nasema tunauziwa kaburi lake kama mlango wake. Mtoto wa Malakisi anayevaa miwani kwa mara ya kwanza, picha isigeuke, hatasema "simu hii haina jairoskopu." Atasema "VR ni uongo," na mwingine atajiona yeye ndiye mjinga asiyejua kuitumia. Hiyo ndiyo hasara nisiyoweza kuisamehe.

Na zile orodha za "miwani 10 bora za simu yako" zinazozagaa mtandaoni? Nimezisoma jioni nzima. Wanapima ulaini wa sponji. Wanasifu mkanda. Wanajadili rangi. Nyingi hazimwulizi msomaji kama simu yake ina jairoskopu, kwa sababu aliyeandika anaishi mahali ambapo kila simu anayoishika inayo. Ushauri wa mtu asiyeijua simu yako si ushauri. Ni tangazo lenye aya.

Kama unataka gemu kwelikweli

Basi sema unataka kucheza, si kujaribu. Kuna njia mbili za maana, na zote mbili si za simu.

Ya kwanza ni ya PlayStation. PlayStation VR ya 2016 inaingia kwenye PS4, na inahitaji kamera yake. PlayStation VR2 ya Februari 2023 inahitaji PS5, na tangu Agosti 2024 inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa adapta, mradi kompyuta yenyewe iwe na kadi nzito ya picha. Mwenye PS3, kama vibanda vingi vyetu, hapati kitu hapa. Usikubali kuuziwa.

Ya pili ni miwani inayojitegemea, yenye kompyuta yake ndani. Meta Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 bei yake Marekani ilikuwa dola 299, yaani kama shilingi 39,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kila jicho linapata pikseli 1832 kwa 1920. Na hapa kuna tofauti kubwa kuliko pikseli: miwani ya simu, hata yenye jairoskopu, inajua tu kichwa kimegeukia wapi. Hii inajua pia umesogea mbele, umechuchumaa, umenyoosha mkono. Bila hilo hukwepi ngumi wala huchezi tenisi. Lakini ina masharti: akaunti ya Meta, intaneti ya kuianzisha, gemu zinazolipiwa kwa dola. Na ukiletewa Quest ya kwanza, ile ya 2019, kwa bei ya kutupa, jua Meta iliacha kuipa masasisho ya usalama mwaka 2024.

Sasa rudi kibandani tupige hesabu ya biashara. Mechi moja ya mpira ina vichwa viwili, shilingi 40, na benchi zima linatazama na kubishana likingoja zamu. Miwani ni kichwa kimoja, na benchi linatazama mgongo wa mtu anayepiga hewa. Kwa shilingi 20 kwa zamu, Quest ya 39,000 inahitaji zamu 1,950 ili irudishe bei yake tu, bila gemu, bila umeme. Si haiwezekani. Lakini kwa mkopo wa chama unaoanza kulipwa mwezi ujao, haiwezekani.

Na miwani ya simu ni mbaya zaidi, kwa sababu simu iliyo ndani ni YAKO. Jumamosi ile, katikati ya garimoshi, meseji ya M-Pesa iliingia. Mtoto wa watu akaisoma kwa sauti, kiasi na jina la mtumaji, sokoni. Google iliandika mwaka 2019 kwamba watu hawapendi kufungia simu zao. Mama wa mboga alilijua hilo kwa dakika moja.

Ninachodai

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu kile bidhaa inachoweza kufanya. "Inaingiana na simu yoyote" si maneno ya soko tu. Ni madai, na ni ya uongo. Kwa hivyo:

1. Muuzaji, mruhusu mnunuzi atie simu yake mwenyewe kabla ya kulipa. Ukikataa, tumeshajua.

2. Kampuni za simu, andikeni kwenye boksi, kwa herufi zinazosomeka, kama jairoskopu ipo, haipo, au ni ya kubuni. Mnaandika kamera ina megapikseli ngapi hata kama nusu yake ni mapambo.

3. Mnunuzi, fanya jaribio hili la dakika mbili. Fungua YouTube, tafuta video ya digrii 360, usiguse skrini, zunguka na simu kama unayepiga picha za shamba. Picha ikikufuata vizuri, unayo. Ikikwama mpaka utumie kidole, huna, na hakuna miwani duniani itakayoitia. Ukitaka uhakika zaidi, weka programu ya CPU-Z na utazame ukurasa wa vihisi.

4. Wenzangu waandishi wa programu, jaribuni kazi zenu kwenye simu ya bei ya chini kabisa mtakayoipata. Programu ikikuta hakuna jairoskopu, iseme waziwazi. Isimwache mtoto akigeuza kichwa gizani.

Jioni tulikaa jikoni kwa dada yangu. Nikamweleza yote haya, pamoja na akselerometa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hivyo zile tatu, pesa zimekufa?"

Zimekufa, dada. Shilingi 5,400. Mpwa wangu alizirudisha dukani Jumatatu, akaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Mkopo hakuuchukua. Amenunua padi mpya mbili kwa akiba yake, na benchi limejaa tena. Miwani moja ameitundika ukutani kibandani, simu hakuna ndani, na chini yake ameandika kwa kalamu nene: ULIZA KWANZA SIMU YAKO.

Ni tangazo la kweli kuliko lile la kwenye boksi.

Haya, hifadhidata wiki ijayo, nikijaliwa. Na kama kuna muuzaji anayesoma hapa na anaona nimemwonea, aje na miwani yake. Simu nitaleta mimi, ile ya mama yangu.